Jibu: Kliniki ina wagonjwa, mbona najiona nimefeli?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umesema kliniki yako ya meno hapo Chake Chake ina miaka mitatu, kodi unalipa, wagonjwa wapo, lakini tangu mwenzako afungue tawi Unguja unajiona umebaki nyuma.

Anza na daftari la miadi, la fedha liweke pembeni. Mimi nina chumba kimoja cha tiba ya mazoezi ya viungo Wete. Niliwahi kufungua hadi saa tatu usiku. Fedha ziliingia kweli, ila mwanangu wa skuli akaanza kuniachia vikaratasi juu ya mto: "Baba, saini hapa."

Nikaandika matatu nyuma ya kalenda: Magharibi inikute nyumbani, mshahara wa msaidizi usichelewe, na kila wiki nimtibu mmoja asiye na uwezo. Yakitimia, mwezi wangu umefaulu. (La mshahara hunishinda mara mojamoja.)

Msimu wa karafuu usikutie wasiwasi. Watu wako mashambani, na madeni mengi hulipwa karafuu zikishauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mimi ndipo ninapopumzika.

Hilo tawi la Unguja ulilitaka kabla yeye hajalifungua?