Usitafsiri katikati ya mechi: kwa aliyealikwa na timu ya Warusi

Achana kabisa na mpango wa kuweka programu ya kutafsiri pembeni ya gemu. Umeeleza kwamba timu ya Warusi wa Dota 2, gemu ya kompyuta ambamo watu watano hupambana na watano kubomoa ngome ya wenzao, imekukaribisha, kwamba mechi yenu ya kwanza ya mashindano ni Jumamosi katika seva ya Ulaya, kisha ukauliza ujifunze Kirusi kiasi gani, ununue maikrofoni ipi, na programu gani ya kutafsiri ni bora kuliko nyingine. Hilo la mwisho limenichoma, kwa sababu ushauri huohuo ndio uliovunja timu yetu.

Tulikuwa Waturuki wawili, Mpoland mmoja na Watanzania wawili tuliochezea chumba kimoja cha gemu Sinza. Mwalimu mmoja wa video alikuwa akihubiri kwamba timu yenye lugha mchanganyiko iandike sentensi kamili kwa lugha yake, iitafsiri kwa mashine na kuibandika kwenye gumzo la timu, nasi tukamwamini kwa sababu alizungumza kwa uhakika mkubwa. Hakuwahi kuonyesha hata mechi moja aliyocheza na watu asioelewana nao! Alifundisha jambo ambalo yeye mwenyewe halikuwahi kumgharimu chochote, na hilo sijamsamehe mpaka leo.

Siku ya mchezo wa mtoano tulikuwa tunaongoza, tumeshabomoa kambi za adui katika njia mbili kati ya tatu, na Roshan, dubwana linaloishi ndani ya shimo kwenye ramani, alikuwa hai. Roshan akiuawa huangusha ngao ya Aegis, ambayo humfufua aliyeibeba sekunde 5 baada ya kuuawa, kwa hiyo shimo lile ndilo lililokuwa linaamua mechi. Mwenzangu, aliyecheza nafasi ya msaada, aliona maadui watatu wametoweka kwenye ramani. Badala ya kuweka alama ya hatari, alitoka kwenye dirisha la gemu, akaandika kwamba wote warudi shimoni wawazuie, akatafsiri, akanakili, akarudi na kubandika, huku shujaa wake akiwa amesimama msituni kama mlingoti.

Watu hudhani kwamba hasara ya ujumbe wa namna hiyo ni kuchelewa tu. Hasara kubwa zaidi ni kwamba ujumbe uliochelewa bado hutiiwa. Maneno yale yalipofika, Roshan alikuwa ameshauawa, Aegis iko mikononi mwa adui, na jambo la busara lilikuwa kurudi nyuma kulinda ngome yetu. Waturuki wetu, ambao hawakuwa na njia ya kujua kwamba agizo lile lilihusu hali iliyokwisha kupita, waliliamini na kuingia shimoni, wakauawa wote wawili bila dhahabu ya kujinunua warudi uwanjani. Kilichofuata ni kubomolewa kwa ngome, kisha lawama, ambazo nazo zilipitia kwenye mashine ileile na kufika zikiwa kali kuliko zilivyokusudiwa, na baada ya wiki hiyo hatukucheza pamoja tena. Anayedhani natia chumvi na anikaribishe shimoni, tupime nani ataandika sentensi kamili huku anashambuliwa.

Kanuni yangu ni moja: maneno yaishe kabla ya mechi, na ndani ya mechi zitumike ishara tu. Gemu yenyewe imekupa ishara hizo. Ukishikilia kitufe cha Y, litafunguka gurudumu la ujumbe uliokwisha kuandaliwa, na kila mchezaji huuona katika lugha ya gemu yake, kwa hiyo wewe huchagua usemi kwako na Mrusi huusoma kwa Kirusi papo hapo. Ukishikilia Alt na kubofya ramani ndogo, wenzako huona alama mahali hapo. Ukibofya hivyo kwenye uwezo wa shujaa wako, wenzako huambiwa kama uwezo huo uko tayari au zimebaki sekunde ngapi. Wazo hili si geni, maana Final Fantasy XI ya mwaka 2002 iliwapa Wajapani na Wamarekani waliocheza kwenye seva moja kamusi ya semi zinazojitafsiri, na Apex Legends ya 2019 ilisifiwa sana kwa alama zinazowawezesha watu watatu wasiojuana kucheza pamoja bila kufungua kinywa.

Kirusi kidogo kinatosha kwa sasa: namba na majina ya njia tatu. Mashine ya kutafsiri itumie leo, mkiwa mmetulia, kukubaliana ni nani mmoja anayeamua juu ya Roshan, alama moja ina maana gani na alama mbili zina maana gani, kisha mwombe kila mmoja akurudishie makubaliano hayo kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo chezeni mechi za mazoezi dhidi ya roboti huku gumzo likiwa limefungwa kabisa, na kila alama iliyowachanganya muiondoe kwenye orodha kabla ya Jumamosi.