Fundi Anajibu: Fildi kwenye gereji ya kuongeza nguvu magari

Msimu wa fildi umefika, na maswali mengi wiki hii yametoka kwa vijana waliopelekwa kwenye gereji za kuchokonoa injini: tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), ekzosi, springi za kunyanyua gari.

*Shikamoo fundi. Jumatatu naanza fildi kwenye gereji ya aina hiyo hapa Tabora mjini. Nibebe nini? (Kiloleni)*

Marahaba, mwanangu. Ovaroli, viatu vigumu vya kufunika vidole, barua ya chuo, kitabu cha fildi na daftari dogo la mfukoni. Spana usinunue kwanza. Utazijua unazozihitaji baada ya kuazima ile ile mara tatu. Pete na saa acha nyumbani. Mimi nina kovu la tangu nikiwa kijana kama wewe: spana ilikuwa kwenye nati ya chanya ya betri, pete ikabanwa kati ya spana na bodi. Ilishakuwa nyekundu kabla sijapiga kelele.

*Wiki ya pili hii naosha vyuma tu. Nilikuja kujifunza tabo! (Ujiji)*

Unaosha, sawa, lakini unaona nini? Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikishatakata ndipo ufa kati ya valvu mbili unapojitokeza, mwembamba kama unywele. Pistoni tano zikiwa kavu na moja imelowa oili, hiyo ni habari, mwite fundi. Osha kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli kamwe, hata akikupa fundi mkubwa. Na kila bolti unayofungua ichomeke kwenye kadibodi uliyoitoboa kwa mpangilio ule ule wa hedi, namba pembeni. Bosi akiikuta kadibodi hiyo mezani, hutakaa sana kwenye beseni.

*Mteja kaleta Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, anataka ifungwe tabo ipande vilima vya Kasulu na mzigo. Nilidhani ni kazi ya siku moja, lakini bosi anapima pima tu. Kwa nini? (Gungu, Kigoma)*

Mng'ang'anie huyo bosi. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, na Toyota waliitengeneza ivute hewa yenyewe. Mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na tabo, alipewa kama 18.6. Yaani 1HZ imeshajibana vya kutosha. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi bila hesabu, joto linaangukia pistoni na vile vichumba vidogo ndani ya hedi ambamo moto huanzia. Hapo ndipo hedi hupasuka, na haipasukii gereji; inapasukia porini, gari limejaa mahindi.

Mteja naye halalamiki bure. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kasulu ni juu zaidi, na injini isiyo na tabo huishiwa pumzi kadiri unavyopanda.

Kwa hiyo bosi anapima mgandamizo wa silinda moja moja, aone kama injini imechoka. Anaangalia rejeta kama inapitisha maji, na nozeli za dizeli kama zinapuliza ukungu au zinakojoa. Ninavyowajua mafundi wa aina yake, atatoboa pia ekzosi aweke geji ya joto, msukumo wa tabo ataanza nao mdogo, kisha pampu ataiongeza dizeli kidogo kidogo macho yakiwa kwenye geji. Ule moshi mweusi unaowafurahisha vijana wa stendi ni dizeli iliyokosa hewa. Omba uandike namba zote wewe mwenyewe.

*Wenzangu wanasema themostati itolewe, nchi yetu ina joto. Kweli? (Isevya)*

Si kweli. Themostati ndiyo inayozuia maji ya kupoza injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto. Injini nyingi zinataka maji ya nyuzi 80 na kitu, sasa jua la Tabora ni nyuzi ngapi? Ukiitoa, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inadhani injini bado ya baridi na kumwaga petroli zaidi. Mara nyingi hutolewa kuficha rejeta iliyoziba.

*Mimi ni msichana peke yangu gerejini. Natumwa chapati na kuandika risiti, halafu fundi anataka kunisainia kitabu kwamba nimefunga klachi. (Tabora)*

Usikubali sahihi hiyo, binti yangu. Andika ukweli: "Leo nimeandika risiti." Siku tatu za namna hiyo, mpelekee fundi mkuu kitabu, kwa adabu, mbele ya wengine ikibidi, uombe kazi moja ya kwako, hata breki za nyuma. Akikataa, mpigie mwalimu wako wa fildi asisubiri siku ya ukaguzi. Chapati zifuatwe kwa zamu, na wavulana wamo.

*Naweza kulijaribu gari la mteja barabarani likishafungwa tabo?*

Hapana. Kaa kiti cha abiria, shika daftari, msomee fundi geji.