Nitamwambia nani bila habari kusambaa shuleni?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 16 na niko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni. Tangu muhula uliopita sipati usingizi, chakula hakipandi, na hata netiboli niliyoipenda imenichosha. Mwalimu wa malezi tunaye, lakini meza yake imo katika ofisi ya walimu wote, na rafiki yangu alipomweleza shida zake, jioni ile ile matroni alikuwa amekwisha kuzijua. Mama naye atasema nimepungukiwa na maombi. Nifanye nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kukosa usingizi muhula mzima si uvivu wala si uhaba wa imani, na hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kinachowazuia wengi kutafuta msaada ni hiyo meza uliyoitaja. Mwanafunzi hawezi kufungua moyo huku mwalimu wa Hisabati akisahihisha madaftari hatua mbili kutoka alipokaa, na siri ikivuja mara moja tu, bweni zima hujifunza kunyamaza. Walimu mnaosoma ukurasa huu, nawasihi mtafute chumba chenye mlango, hata kama ni stoo ya vitabu.

Wewe mchague mwalimu mmoja unayemwamini, umwombe mzungumze kando, na kabla ya kueleza lolote umuulize ni nani mwingine atakayeambiwa. Yapo asiyoweza kuyaficha, hasa ukimwambia kuwa unawaza kujidhuru, na ni vyema ulijue hilo mapema. Ukipata simu, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Kwa mama, anza na anayoweza kuyaona: “Mama, silali, na chakula hakipandi.” Mwombe aendelee kukuombea na pia akusindikize hospitali ya mkoa, mkaulizie huduma za afya ya akili. Huko utasikilizwa kwanza. Kwenda kumwona daktari si kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, jina ambalo kwa bahati mbaya tumeligeuza tusi.

Lakini mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje likizo. Mwamshe matroni usiku huo huo.