Maswali Yenu: Nina Alama za Juu, Nikasomee Bahari Kweli?

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa wanaosubiri kuingia chuo kikuu. Nimechagua matatu, la kwanza nimelijibu kwa urefu manake limenigusa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tangu nianze sekondari nakuwa wa kwanza au wa pili, hesabu, fizikia, kemia zote juu. Nyumbani wameshaamua mi ni daktari, hata mdogo wangu ananiita dokta. Sasa roho yangu iko kwenye sayansi ya bahari, nilipomwambia mjomba akacheka, eti naenda kupoteza alama zote hizo kuhesabu samaki. Ni kweli nitakuwa nimejipoteza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mjomba asikuudhi, ila mwulize, huyo samaki wa kuhesabiwa anamwona? Hapo ndo penyewe. Huwezi kuikausha bahari ukahesabu kilichobaki chini, kwa hiyo unaanza na waliovuliwa, umri wa samaki unausoma kwenye kijiwe kidogo kilichoko ndani ya sikio lake, kina miduara kama ile ya kwenye gogo la mti, alafu unaingia kwenye takwimu unakadiria waliobaki majini ni wangapi na kosa lako linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Aliyekimbia hesabu haiwezi hiyo kazi.

Watu wakisikia bahari wanawaza pomboo na kupiga mbizi. Mwaka wa kwanza pomboo utamwona kwenye slaidi tu. Utakachokula ni kalkulasi, fizikia ya maji yanayotembea, kemia ya chumvi, baiolojia ya viumbe visivyoonekana kwa macho, na kuandika programu za kompyuta, iwe kwa lugha ya Python au R. Wengi waliokuja kwa ajili ya pomboo hapo ndo wanaaga.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda. Kati ya 1893 na 1896 mvumbuzi wa Norway anaitwa Nansen, ambaye kwa kusomea alikuwa mtu wa wanyama, aliiacha meli yake Fram ishikwe na barafu kule Aktiki ili aone itampeleka wapi. Akaona kitu cha ajabu, barafu haifuati upepo unakoelekea, inakwenda upande wa kulia kidogo, nyuzi 20 mpaka 40 hivi. Alihisi ni kwa sababu dunia inazunguka ila hesabu yake ikamshinda, swali likafika kwa kijana mmoja wa Uswidi aliyekuwa bado anasoma, anaitwa Ekman, na huyo ndo akalifungua kwa kalamu na karatasi, upepo unasukuma tabaka la juu, mzunguko wa dunia unalipindisha, tabaka hilo linaliburuta la chini yake nalo linapinda zaidi, hivo hivo kwenda chini. Andiko lake maarufu likatoka 1905. Na hesabu hiyo hiyo ndo inakueleza kwa nini pwani ya Peru ina dagaa wengi namna ile, upepo ukivuma sambamba na pwani maji ya juu yanasogea kwenda bahari kuu, ya chini yenye baridi na virutubisho yanapanda kushika nafasi. Sasa mjomba aniambie hapo ni alama gani imepotea.

Ila sitakudanganya. Mshahara wa daktari sehemu nyingi utakuwa juu kuliko wako, na nafasi za utafiti ni chache kuliko wanaozitaka. Kazi zipo kwenye uvuvi, hali ya hewa, bandari, upimaji wa sakafu ya bahari kwa ajili ya kebo na mitambo ya upepo, na hali ya hewa ndo inazidi kukua manake zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tunalolisababisha linaishia baharini. Ukishindwa kote huko, anayejua kuchambua data halali njaa. Na alama si vocha kwamba usipoitumia ikafika tarehe inakufa, ukibadili mawazo zipo pale pale.

Kinachonitia wasiwasi kwa watoto wa alama za juu ni kingine kabisa, na nakisema kwa sababu mi nilikuwa hivo hivo. Safari yangu ya kwanza kwenye meli ya utafiti nilipewa kazi ya kupima oksijeni ya majini. Kuna mtambo unaitwa CTD, fremu ya chuma ya duara, sensa zake zinasoma chumvi, joto na kina, na pembeni umezungushiwa chupa ndefu zinazofungwa moja moja kila unapofika kina unachotaka wakati mtambo unapandishwa. Ukifika juu wa oksijeni ndo anaanza kuchota, wengine wanasubiri, manake hewa ikishaingia kwenye chupa kipimo chake kimeharibika. Unachomeka mpira kwenye chupa kubwa, unaushusha mpaka kitakoni mwa kichupa cha kioo, unaacha maji yafurike, unatia kemikali mbili, unafunika bila kiputo hata kimoja, unatikisa. Ni njia ya Winkler, ya 1888, na mpaka leo inatumika. Ndani linatokea tope, oksijeni ikiwepo linakuwa la kahawia, ikiwa haba linakuwa jeupejeupe.

Usiku ule tulikuwa tunachota kwenye tabaka ambalo oksijeni karibu haipo. Vichupa vya mwenzangu vyote vyeupe. Changu kimoja kikaja kahawia. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, kichwani nishagundua kitu. Fundi wa maabara, mama mmoja mtu mzima sana, akakishika akakielekeza kwenye taa, akagonga kioo kwa ukucha, kiputo kikatoka pembeni kikapanda juu. Akaniambia, "Hiyo oksijeni ni ya kwako mwenyewe." Nilikaa siku mbili sitaki kumwangalia usoni.

Miaka yote nilikuwa nimezoea maswali ambayo jibu liko nyuma ya kitabu, na jibu nililokuwa nalo mi ndo sahihi. Baharini jibu nyuma ya kitabu hakuna, na kitu cha kwanza kukishuku ni mkono wako. Kama hilo unaliona balaa, nenda udaktari tu (ingawa huko nako, eeh). Kama limekufanya ujiulize tope jeupe linatoka wapi, jaza fomu.

Swali: Mwalimu habari. Chuo kimoja kimenipa nafasi kwenye programu maalumu ya wenye ufaulu wa juu, utafiti toka mwaka wa kwanza. Kingine ni kozi ya kawaida lakini wana meli yao. Niende wapi?

Jibu: Salama. Jina la programu lisikupumbaze. Waulize, mwaka wa kwanza nitasimamiwa na nani, ana wanafunzi wangapi, na mradi ni wa kwangu au naosha vichupa vya mtu wa uzamivu? Kuosha si dhambi, sote tumeosha, ila ujue mapema. Uliza pia wastani gani unatakiwa usishuke na ukishuka unahamia wapi. Kwa upande wa wenye meli uliza siku za baharini kwa mwanafunzi mmoja mpaka anamaliza ni ngapi, manake kuna meli ipo kwa ajili ya picha ya brosha. Kama msimamizi ni mzuri mi ningechukua programu maalumu, meli utaipata masta. Na usijisikie vibaya kama digrii ya kwanza ni fizikia au kemia tupu, wengi wazuri ninaowajua waliingia baharini baadaye kwa mlango huo.

Swali: Mi nikipanda hata boti dogo natapika. Niache?

Jibu: Usiache. Wengi wanazoea baada ya siku mbili tatu, wachache hawazoei kabisa, mwanasayansi Darwin safari yake ya karibu miaka mitano kwenye meli ya Beagle alihangaika nayo sana. Na kuna wanaofanya kazi hii mezani. Marie Tharp alichora sakafu ya Atlantiki miaka ya 1950 kwa vipimo walivyomletea wenzake, manake wanawake walikuwa hawaruhusiwi kupanda meli zile, na ni yeye aliyeona bonde linalopita katikati ya safu ya milima ya chini ya bahari, wakambishia mpaka wakakubali. Sa hivi kuna maboya ya Argo karibu 4,000, yanashuka mpaka mita 2,000 na kupanda kila siku 10 hivi yakituma joto na chumvi, data ni bure, we pakua uanze kuchora leo leo.

Siku ukiitwa melini, dawa ya kichefuchefu muulize mfamasia na umeze kabla hamjang'oa nanga, ukisubiri tumbo lianze itatoka nayo.