Nafika kibandani mapema, lakini cherehani inaanza kulia saa tano

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa, Mbeya. Kazi ninazo, tena msimu huu wa mavuno harusi zinafuatana. Nafika saa mbili, nafagia, nafungua simu mara moja tu nione mtindo aliotuma mteja, nikija kushtuka ni saa tano. Au jirani anakuja kuota jua mlangoni na stori zinaanza. Baridi nayo, vidole havishiki sindano. Nina nguo nane nimeshazikata na hakuna hata moja iliyoisha. Jumamosi mteja alichukua vipande vyake akapeleka kwa fundi mwingine. Kila Jumatatu najiwekea nadhiri, ikifika Jumatano imekufa. Mume wangu anasema ni uvivu. Nijilazimisheje?
*Fundi wa Mwanjelwa*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa Jumamosi hiyo. Neno la uvivu lisikukae moyoni. Mvivu hashindi kibandani kutwa nzima na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Nimeshona miaka mingi Iringa na kufundisha mabinti kazi hii, na wengi niliowaona wakikwama walikwama pale pale unapokwama wewe: kabla ya mshono wa kwanza. Unafika, nguo nane zinakutazama, kila moja ina mwenyewe anayesubiri, na hujui uanze na ipi. Simu inakuokoa na uamuzi huo. Kwa hiyo uamuzi usiungoje asubuhi. Ufanye jioni.

Kabla ya kufunga kibanda, chagua nguo moja. Weka uzi wa rangi yake kwenye mashine, jaza bobini, panga vipande kwa mfuatano wa kushona: mabega, mikono, ubavu, zipu juu yake. Kisha anza mshono mmoja na usiumalize. Acha sindano imezama kwenye kitambaa, funika mashine kwa khanga, nenda nyumbani. Kesho utakuta kazi inayoendelea, na mkono hupenda kumalizia kilichoanzwa.

Hili la kupanga mapema wataalamu wamelipima. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, wanasaikolojia wa Ujerumani, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti fupi katika siku za Krismasi. Waliotaja mapema wataiandika saa ngapi na wakiwa wapi, karibu watatu kati ya wanne waliiandika. Wale ambao hawakutakiwa kutaja, waliofanya ni kama theluthi moja tu. Nia walikuwa nayo wote. Wewe pia nia unayo, ndiyo maana nadhiri hazijakusaidia. Badala ya "wiki hii nitajitahidi", jiambie: "Nikimaliza kufagia, nawasha pasi. Pasi ikishika moto, nanyoosha vipande vilivyo mezani. Nikimaliza kunyoosha, nakaa kwenye mashine."

Nimetaja pasi kwa makusudi. Ukitumia pasi ya mkaa, baridi uliyoilalamikia inapata dawa, maana vidole vinapata moto huku kazi imeshaanza. Usingoje jua litoke.

Simu ni chombo chako cha kazi, siwezi kukwambia uitupe. Lakini kinachokufanya uifungue ni picha ya mtindo. Basi mteja akituma picha, jioni ile ile uichore kwenye karatasi, hata kwa mistari mibaya, andika vipimo pembeni, ubane karatasi kwa pini kwenye kitambaa chake. Asubuhi zima data, ubaki wa kupigiwa tu. Mwenye haraka atapiga.

Jirani msalimie vizuri, mwulize habari za watoto, na mikono iendelee. Mwambie stori ni saa saba wakati wa chakula. Ataelewa, naye ana biashara yake.

Sasa nguo nane. Hapa mwanangu nitakuwa mkali: usikate kitambaa kingine chochote mpaka zibaki mbili. Najua kwa nini mafundi tunakata haraka. Mteja akiona kitambaa chake kimeshapitiwa na mkasi anatulia, anaacha advansi, hawezi kuondoka kirahisi. Lakini yule wa Jumamosi ameondoka na vipande, na kitambaa kilichokatwa hakiwezi kurudi dukani. Kila unachokata bila kushona ni deni. Mteja mpya akija, mpime, andika kwenye daftari, kitambaa chake kikae kizima.

Kuhusu nadhiri inayokufa Jumatano: usingoje Jumatatu nyingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga zoea dogo la kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Walikadiria kwamba kuna wanaozoea kwa siku 18 na kuna wanaohitaji 254. Wa katikati ni siku 66. Na kuruka siku moja hakukuharibu zoea. Kwa hiyo Jumatano ikikushinda, Jumatano hiyo hiyo jioni weka uzi kwenye mashine kwa ajili ya Alhamisi.

Mume wako mwombe msaada badala ya kubishana naye: akupitie jioni, akuulize nguo ya kesho ni ipi, naye aione kwa macho ikiwa imepangwa.

Kati ya hizo nane, anza na ya aliyetangulia wenzake kulipa advansi, hata kama ni sketi tu na gauni la harusi linakuvuta. Mpigie leo umwambie siku ya kweli. Ukiona itaisha Alhamisi, mwambie Ijumaa, na siku hiyo akute imeshapigwa pasi.