Kunakili mpini wa upanga wa mwanga kwa picha nne tu: vipimo vinatoka wapi

Mkuu, umesema una fremu nne ulizokata kwenye filamu ya Star Wars ya 1977, unataka kutengeneza mpini wa upanga wa mwanga (lightsaber) wa Luke Skywalker, na kila picha ukiipima inakupa urefu wake. Picha nne zinatosha kabisa. Shida ni kwamba umeanza kupima kabla hujajua unapima nini.

Vifaa vingi vya filamu zile havikuchongwa upya, viliungwa kwa vitu vilivyokuwa vinauzwa madukani. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, aliukuta mpini huu kwenye duka la vifaa vya picha London. Ni mpini wa flashi ya Graflex ya betri tatu, ile ambayo wapiga picha wa magazeti ya Marekani waliifunga kwenye kamera za Speed Graphic. Ukaongezewa vipande vyembamba vyenye umbo la T sehemu ya kushikia, na kwenye kibano cha katikati ukachomekwa mkanda wa lenzi ndogo zilizotolewa kwenye kikokotoo cha miaka ya 1970, zile zinazokuza tarakimu nyekundu za kioo chake. Mpini wa Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ni mchanganyiko zaidi: kuna kishikio cha bomba la maji, kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent na guruneti la bunduki la Waingereza la Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukitambua kitu halisi kilichomo ndani ya picha. Ukishakitambua, una rula.

Kwa Graflex rula hiyo ni kipenyo cha nje, inchi moja na nusu, yaani milimita 38.1. Hata kama usingekuwa na namba hiyo, betri zingekusaidia. Ndani zilikaa betri tatu kubwa za tochi, zinazoandikwa D au R20, na betri hiyo kwa kiwango chake haizidi kipenyo cha milimita 34.2 na urefu wa milimita 61.5. Tatu zikipangana ni milimita 184.5. Kwa hiyo bomba la nje la milimita 32 limeshakataliwa, na kama hesabu ya picha inakupa mwili wenye nafasi ya milimita 160 ndani, picha imekudanganya. Kila kifaa kitafutie ukaguzi wa namna hii, kitu kimoja ambacho lazima kiingie au kipite.

Sasa picha zenyewe. Zinadanganya kwa njia nne.

Ya kwanza ni mpini kuinama kuelekea kamera. Tazama mdomo wa bomba. Ni duara, lakini kwenye picha ni duaradufu. Gawa upana wake mfupi kwa upana wake mrefu. Jibu ni saini (sine ya hesabu) ya pembe ya kuinama. Ukipata pikseli 50 kwa 100, saini ni 0.5, pembe ni digrii 30, na urefu wote umefupishwa hadi 0.87 ya ukweli. Mpini wa milimita 270 utaonekana kama wa 234. Gawa kwa 0.87, usikisie.

Ya pili ni umbali. Ncha iliyo sentimita 60 kutoka kwenye lenzi na ncha iliyo sentimita 80 hazina kipimo kimoja, kwani ya mbali inaonekana ndogo kwa robo nzima. Wengi hukwama hapa, wanachukua upana wa bomba sehemu moja na kuutumia kupimia kila kitu. Pima upana wa bomba palepale penye kitufe unachokipima, kisha ukisogea kwenye kibano, pima tena.

Ya tatu ni krom. Bomba linalong'aa linameza rangi ya kilicho nyuma yake, ukingo unapotea, na unapima bomba jembamba kuliko lilivyo. Pima penye kivuli au penye mstari wa kibano, ambapo ukingo umekatika wazi.

Ya nne ni ukungu wa fremu. Bomba likiwa na upana wa pikseli 60, pikseli moja ni milimita 0.64. Ukikosea pikseli mbili umeshapoteza zaidi ya milimita moja, kwa hiyo usiandike "12.37" kwenye mchoro wako. Andika 12 na pembeni yake uweke "±1". Alama hiyo itakusaidia baadaye kujua kipimo gani unaruhusiwa kukisogeza pale vipande viwili vinapogombana.

Kabla ya hesabu yoyote hakikisha picha zote nne ni za mpini mmoja. Filamu moja huwa na nakala kadhaa za kifaa, moja ya kupigwa karibu na nyingine za mapigano. Ule wa 1977 una mkanda wa lenzi kwenye kibano. Wa filamu ya 1980 una kipande cha bodi ya saketi chenye meno ya dhahabu. Ukichanganya utapata kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwenye filamu yoyote. Angalia pia kama picha imegeuzwa kushoto kulia. Kitufe chekundu na wenzo wa kibano vikibadilishana upande kati ya picha mbili, moja imegeuzwa.

Vipande vya T navyo usivihesabu kwa macho, kwa sababu nusu yao iko upande usioonekana. Kitafute kimoja kilicho katikati kabisa, kisha pima umbali hadi jirani yake. Vikiwa sita, jirani yuko digrii 60, na ataonekana kwenye 0.87 ya nusu kipenyo. Vikiwa saba, yuko digrii 51.4, sawa na 0.78. Kwenye bomba lenye upana wa pikseli 200, ni 87 dhidi ya 78. Tofauti ya pikseli tisa inaonekana hata kwenye fremu mbaya. Ukishajua idadi, gawa mzingo, ambao ni milimita 119.7: sita huachana milimita 20, saba huachana 17.1, katikati hadi katikati.

Kujenga ni rahisi kuliko kupima. Usikate Graflex halisi hata ukiipata; zimebaki chache na wakusanyaji wa kamera wanazihitaji. Tafuta bomba la krom la kutolea maji ya sinki la inchi moja na nusu, uende dukani na venia (kifaa cha kupimia kipenyo), maana mengi yanayouzwa huku ni ya inchi moja na robo. Zungushia ukanda wa karatasi ulionyooka ili mstari wa kukata usipinde, funika kwa selotepu ili krom isibanduke, na chomeka ndani kipande cha mti wa duara kabla ya kubana kwenye jiliwa. Bila mti bomba linabonyea na halirudi. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi.

Vipande vya T vinapatikana kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Zipo raba zenye umbo hilo au linalokaribia. Gundi haishiki kwenye krom tupu. Weka alama, kwaruza mstari mwembamba kwa msasa namba 240 pale tu raba itakapokaa, futa kwa spiriti, kisha tumia epoksi ya sehemu mbili. Supa gluu inashika haraka lakini hukatika mpini ukianguka. Pete ya D ya chini iko kwa fundi mabegi, ifunge kwa riveti. Mkanda wa lenzi utengeneze kwa matone ya epoksi angavu juu ya ukanda wa akriliki, yenye nafasi sawa, juu ya meza iliyosawazishwa kwa pima maji, la sivyo matone yataegemea upande mmoja.

Kibano na kitufe ukivichapisha kwa printa ya 3D, usitumie plastiki ya PLA kama mpini utakaa kwenye gari. Hulainika kuanzia nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar hufika huko. Plastiki ya PETG hustahimili hadi karibu 80.

Lakini kabla ya kukata chuma, chapa mchoro wako kwa saizi halisi, uuzungushie bomba la karatasi, na uupige picha kwa pembe ileile ya fremu. Usiisogeze simu karibu: lenzi yake ni pana na itakuletea udanganyifu ule wa umbali. Rudi nyuma mita mbili, uvute kwa zumu. Weka picha yako juu ya fremu ya filamu kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), ifanye picha ya juu ionyeshe ya chini kwa kupunguza "opacity" hadi asilimia 50, linganisha upana wa bomba kwenye kibano. Kibano kikikaa sawa lakini kitufe kimesogea, kosa liko kwenye kipimo cha kitufe. Vyote vikisogea pamoja kuelekea ncha moja, pembe ya kuinama ndiyo uliyoikosea, rudi kwenye duaradufu.