Valletta kwa miguu: maswali yenu na majibu

Tangu niseme kwenye safu hii kwamba nimerudi kutoka Malta, maswali hayajakoma, na karibu yote yanahusu mji mkuu, Valletta. Kwa asiyejua, Malta ni visiwa vilivyo kusini ya Sicily, na Valletta ni ulimi wa mwamba ulioingia baharini, urefu wake kilomita moja hivi na upana mita mia sita. Unaweza kuumaliza wote asubuhi moja. Wengi hufanya hivyo, na ndio kosa lao.

Nafanya kazi kwenye meli ya watalii. Tukifunga Valletta napewa saa nne tu za kushuka. Niende wapi? (Baharia, Mombasa)

Ndugu baharia, umewazidi wanaofika kwa ndege, kwa sababu meli yenu inafunga chini ya kuta za mji wenyewe. Usipande teksi. Toka getini, tembea kandokando ya maji, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, na baada ya robo saa hivi utaiona lifti ya Barrakka imesimama kando ya ngome. Inapanda mita 58 kwa yuro moja na kukutoa kwenye bustani ya Upper Barrakka, juu ya bandari yote.

Fanya juu chini ufike hapo kabla ya saa sita mchana. Ngazi moja chini ya bustani kuna safu ya mizinga, na saa sita kamili askari waliovaa sare za zamani hupiga mmoja. Enzi zile mlio huo uliwasaidia manahodha waliokuwa bandarini kusahihisha saa zao. Siku hizi kinachosahihishwa ni simu tu, zote zimenyanyuliwa juu. Mimi nilikuwa nimeziba masikio na bado niliruka, mtoto aliyesimama mbele yangu akacheka mpaka mama yake akamfinya. Ukikosa wa saa sita, kuna mwingine saa kumi jioni.

Kutoka bustanini ingia Triq ir-Repubblika, barabara kuu, uifuate moja kwa moja hadi ncha ya mji penye ngome ya St Elmo. Makumbusho achana nayo kwa siku hiyo. Ngome hiyo ndiyo sababu ya mji kuwepo. Mwaka 1565 jeshi la Waturuki wa Osmania lilikizingira kisiwa, na St Elmo ikajitahidi karibu mwezi mzima kabla ya kuanguka. Kisiwa chenyewe hakikuanguka. Askari watawa wa Mtakatifu Yohane, waliokuwa wakikitawala, waliamua kuujenga mji mpya wenye kuta juu ya mwamba huo uliokuwa mtupu, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 28 Machi 1566. Mkuu wao, Jean de Valette, ndiye aliyeachia mji jina lake. Alifariki 1568 kabla haujakamilika.

Jiwekee dakika arobaini za kurudi. Meli haimsubiri mtu, na hilo wewe ndiye wa kunifundisha.

Nimeambiwa Wamalta wanazungumza Kiarabu. Kweli? Nitasikilizana nao vipi? (Mwalimu, Morogoro)

Swali nililokuwa nikilingojea. Kimalta kimetokana na Kiarabu kilichozungumzwa Sicily zamani, kikajaa maneno ya Kiitaliano, na kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Katika lugha rasmi za Umoja wa Ulaya ndicho pekee cha ukoo wa Kiarabu na Kiebrania. Kwa mawasiliano usihofu, Kiingereza nacho ni lugha rasmi na kila mtu mjini anakijua.

Lakini mwalimu, kaa karibu na wauza mboga usikilize wakihesabu. Sita ni *sitta*. Saba ni *sebgħa*, na hiyo għ haitamkwi, kwa hiyo unasikia karibu na "seba". Tisa ni *disgħa*. Endelea: *għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin*, halafu *mija*, halafu *elf*. Nilikuwa nanunua machungwa, muuzaji akamtajia mteja wa mbele yangu bei yenye *ħamsin*, na mkono wangu ukaingia kwenye pochi wenyewe. Alhamisi ni *il-Ħamis*, Ijumaa ni *il-Ġimgħa*. Kitabu ni *ktieb*, bahari ni *baħar*, dunia ni *dinja*. Shetani ni *xitan*, kwa kuwa x yao husomeka sh. Karibu ni *merħba*, na hapo huhitaji tafsiri.

Kilichonigusa zaidi ni kanisani. Hawa ni Wakatoliki kindakindaki, na Mungu wanamwita *Alla*. Kwaresima wanaiita *Randan*, jina la mwezi wa mfungo wa Waislamu lililobaki midomoni baada ya dini kubadilika.

Usidanganyike, hutawaelewa wakiongea. Mimi nilishika neno moja katika kumi. Na Valletta wenyewe hawaiiti Valletta, wanasema *il-Belt*, yaani mjini. Ukipanda basi ukaambiwa linaenda il-Belt, panda.

Kiingilio cha lile kanisa kuu ni yuro 15. Kweli kanisa linalipisha hivyo? Na nivae nini? (Msomaji wa Iringa)

Nilipolipa ilikuwa hiyo 15, na ndani yake mna kifaa cha sikioni chenye maelezo. Dada, nilinung'unika kama wewe. Kwa nje St John's ni jengo zito, kavu, utadhani ghala la forodha. Lilijengwa miaka ya 1570 na Girolamo Cassar, mtu wa hukohuko Malta, kwa ajili ya watu waliokuwa bado wanawaza vita. Ukiingia macho yanapotea. Kuta zimechongwa na kupakwa dhahabu, dari lote limechorwa na Mattia Preti, na sakafu ni makaburi, mabamba ya marumaru ya rangi karibu 400 ya wale askari watawa. Juu ya mabamba kuna ngao, malaika, na mifupa ya binadamu iliyotengenezwa kwa marumaru nyeupe, mmoja ameshika fyekeo. Unawakanyaga na hakuna njia nyingine ya kupita.

Ndiyo maana viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi, vinatoboa mawe. Mabega yafunikwe na magoti yasitiriwe. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza shida yote. Jumapili watalii hawaingii, ni siku ya ibada.

Ila yuro zako 15 ziko chumba cha pembeni. Humo imetundikwa picha ya mchoraji Caravaggio ya 1608, Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa, upana wake zaidi ya mita tano. Sehemu kubwa ya picha ni giza na ukuta mtupu wa gereza. Watu wote wamesongamana upande mmoja. Mkataji ameshapiga pigo la upanga na sasa anachomoa kisu nyuma ya kiuno chake amalizie. Msichana ameshika sinia, anangoja. Sogea uitazame damu iliyotiririka sakafuni. Kwenye damu hiyo mchoraji ameandika jina lake. Katika kazi zake zote ni hii peke yake aliyoitia saini.

Alikuwa amefika Malta akikimbia, baada ya kuua mtu Roma mwaka 1606. Wale askari watawa wakampokea, wakamfanya mmoja wao, na wiki chache baadaye akatiwa ndani kwa kosa jingine. Akatoroka gerezani. Tarehe 1 Desemba 1608 wakakutana wakamfukuza katika shirika, bila yeye kuwepo, na walifanya hivyo katika chumba hicho hicho, picha ikiwatazama. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Sikudai chenji.

Nataka kumpeleka mama, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nimeona picha za ngazi, nimeogopa. (Nairobi)

Umeogopa kwa haki. Mpe mama shikamoo yangu, kisha nisikilize. Mji umekaa juu ya mgongo wa mwamba. Barabara za mgongoni, Triq ir-Repubblika na Triq il-Merkanti, ni tambarare tangu lango la mji hadi uwanja mbele ya ikulu ya zamani, na magari si ya kusumbua. Zile zinazokatiza kwenda baharini ndizo ngazi, na zinashuka kweli. Mama akae mgongoni. Hapo panamtosha: lango na bunge jipya vilivyobuniwa na Renzo Piano, magofu ya jumba la opera lililopigwa bomu 1942, kanisa kuu, vibanda vya kahawa, na Upper Barrakka yenye mabenchi na kivuli. Akitaka bahari, ile lifti inashuka na kupanda.

Mawili ya kuangalia. Mawe ya barabarani yamelainika kwa karne za nyayo na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni, hivyo viatu viwe vya soli ya mpira. La pili ni malazi. Nyumba za Valletta ni ndefu, nyembamba na za zamani. Mimi nilikodi chumba chenye "mandhari ya bandari" kumbe kiko ghorofa ya nne, hakuna lifti, na ngazi zake ni za kuzunguka kama konokono. Mwenye nyumba aliniambia ni mazoezi mazuri. Uliza mapema, kwa maandishi.

Chakula cha halali kipo? Na msikiti? (Mji Mkongwe, Zanzibar)

Vipo, ila usile kwa macho. Vitafunwa vya kila kona ni *pastizzi*, vya tabaka tabaka, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa, vya moto na vya bei ndogo. Tatizo ni unga, wengine huukanda kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo muulize muuzaji kwanza. Ndivyo pia kwa *imqaret*, vya tende, vinavyokaangwa karibu na lango la mji. Harufu yake itakurudisha nyumbani mchana kweupe. Sungura ndio fahari ya kisiwa, lakini hachinjwi kwa ajili yako. Samaki hana neno, hasa *lampuki*, kuanzia Agosti hadi mwisho wa mwaka. Wapo Waturuki na Waarabu wenye migahawa ya halali, ukiingia tu waulize.

Msikiti uko Paola, mji wa jirani, safari fupi kwa basi. Nenda Ijumaa, utakutana na Walibya, Wasomali na Wasudani. Kwa kuwa unatoka Unguja utaelewa jambo hili bila maelezo marefu: wale askari watawa waliteka Waislamu baharini, wakawatumikisha makasiani na kwenye ujenzi wa ngome, na mjini walikuwa na gereza la watumwa. Utakapozisifia kuta, wakumbuke. Roshani zile za mbao zilizofunikwa, za kijani na nyekundu, zitakufanya udhani umepotea njia ukatokea Mkunazini.

Mimi Mtanzania, naishi Muscat kwa kibali. Nahitaji viza? (Muscat)

Ndiyo. Kinachotazamwa ni pasipoti, si kibali cha ukaazi. Malta imo katika Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2007 na inatumia yuro tangu 2008. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000, na ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari, wala si zaidi ya miezi sita. Usilipe tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu. Ukipitia Istanbul, uhamiaji wa Schengen utaukuta Malta kwenyewe. Ukipitia Roma, utaukuta Roma. Uwanja wa ndege uko kilomita nane hivi kutoka Valletta, na basi linakushusha mbele ya lango la mji kwa yuro mbili au mbili na nusu kutegemea msimu. Tiketi ya kawaida inadumu saa mbili, usiitupe.

Msimu gani mzuri? (Arusha)

Aprili hadi Juni mwanzoni, au Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30 na mawe yale ya rangi ya asali yanarudisha jua usoni. Januari nyumba ni baridi kuliko nje.

Nibebe adapta? (Kampala)

Usibebe. Soketi ni za pini tatu za bapa kama zetu. Waingereza walitawala hadi uhuru wa 1964, wakaacha na magari yanayopita kushoto.

Nina siku tatu. Mbili nimezipangia Valletta, ya tatu nifanye nini? (Mwanza)

Kama ungeniuliza miezi mitatu kabla, ningekutuma Ħal Saflieni huko Paola, makaburi yaliyochimbwa chini ya ardhi zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Wanaingiza watu 80 tu kwa siku, tiketi huisha mapema mno, na mtoto chini ya miaka sita haruhusiwi. Jaribu bahati yako.

Ukikosa, na ikiwa ni Jumapili, panda basi asubuhi hadi Marsaxlokk kwenye soko la samaki. Zitazame *luzzu*, mashua zao za rangi, kila moja ina macho mawili omoni. Aliyewahi kuona majahazi ya Lamu na macho yake hataacha kutabasamu.

Jioni rudi Valletta. Shuka kwa lifti, na pale chini mtafute mwenye *dgħajsa* (tamka "daisa"), kimashua cha omo iliyoinuka, akuvushe hadi Birgu ng'ambo. Elewaneni bei kabla hujakanyaga ndani. Kaa ukiangalia nyuma, sio mbele. Saa moja hivi watalii wa meli wameshaondoka, taa zinawashwa moja moja juu ya ukuta, na kuna wenyeji wachache tu wanaoanika nguo.